Bi Picha na Tangi la Chumba cha Giza

Siku ya kwanza Nusu-Bei kuingia studio ya Bi Picha, shida yake ilikuwa viti. Vilikuwa vitatu, vya mbao ngumu, vya kuzunguka, ambavyo kwa miaka mingi watu walikalishwa wapigwe picha za pasipoti: kidevu juu, mabega chini, usicheke. Alikuwa amesikia kwamba mwenye jengo anakitaka chumba chake na kwamba mama huyo amepewa hadi mwisho wa mwezi. Mtu anayehama hapandishi bei. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza ya Nusu-Bei, na kanuni zake zote alikuwa amezilipia ada mwenyewe, kwa kuuziwa vibaya.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wauza fanicha wenzake, kwa sababu ukimtajia bei ya kitu, kabla hujafunga mdomo yeye alishakutajia nusu yake. Alianza kwa kugongea misumari meza za watu uani, juani. Sasa alikuwa na duka la milango miwili lililojaa makochi, makabati na meza, nusu mpya na nusu zilizopigwa msasa na vanishi mpaka zikausahau umri wao. Humo dukani aliweka taa mbili tu za manjano, kule juu darini, na hakuwa na mpango wa kuongeza ya tatu. Mkwaruzo hauonekani vizuri kwenye mwanga wa manjano, wala kiraka. Mteja huuona akishafika kwake, na hapo kochi limeshapandishwa ngazi na wabebaji wameshaondoka.

"Mama, hivi viti vimechoka," alisema, akikizungusha kimoja kwa kidole.

"Vimechoka kukaliwa na watu wenye haraka," Bi Picha alijibu. "Kaa uone kama kitakuangusha."

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, na alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nusu-Bei hakumpenda mtu ambaye macho yake hayaonekani. Kwenye biashara, macho ndiyo yanayotaja bei ya kweli. Mdomo hutaja ile ya kuanzia.

Hakukaa. Alikuwa amesikia kitu huko nyuma: maji yakimiminika polepole, bila kukoma, kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe kisichojaa.

"Bomba lako linavuja, mama."

"Hakuna bomba huko."

"Maji nayasikia."

"Maji yapo. Bomba ndilo halipo." Mama akainua pazia zito jeusi. "Njoo. Ila shusha pazia nyuma yako, usiniingizie jua."

Hapo zamani kilikuwa chumba cha kusafishia picha. Trei za dawa zilikuwa bado zimesimamishwa ukutani, na kamba ya kuanikia picha ilikuwa bado imefungwa kona hadi kona, ina vibanio lakini haina picha. Katikati, juu ya meza ya chuma, kulikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtu mmoja. Kwenye kona yake pampu ndogo ilivuta maji na kuyamimina tena juu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ile. Juu ya tangi iliwaka taa moja ndogo ya buluu hafifu, mwanga wa runinga iliyoachwa ikiwaka chumba cha pili. Nusu-Bei aliona kwanza samaki watano wekundu, macho yao makubwa kama vifungo vya koti. Kisha macho yake yakazoea, akaona mawe, na juu ya mawe maua sita. Moja lilikuwa la rangi ya zabibu, kubwa kama sahani, mawili mekundu, matatu meupe yenye ncha za machungwa. Yalikuwa yanatikisika, na maji yale hayakuwa na mkondo wa kuyatikisa kiasi hicho.

"Plastiki," alisema Nusu-Bei.

"Subiri."

Bi Picha alichukua kibano kirefu, kile kile alichokuwa akitolea picha kwenye dawa, akabana kipande cha kamba wa baharini kisichozidi ukucha, akakishusha ndani ya maji. Lile ua la zabibu likakiona, kama kuona ndiyo neno lenyewe. Nyuzi zake zikakishika, zikakunja, zikakipeleka katikati polepole, kisha pakafumba.

"Wenye vitabu huwaita anemoni. Mimi nawaita maua ya bahari, lakini ni wanyama hawa. Hana kichwa, hana mfupa, hana jicho. Ana mguu mmoja na mdomo."

"Nina shemeji wa namna hiyo," alisema Nusu-Bei.

Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kama alivyokuwa akihesabu picha kwenye dawa. Alipofika idadi yake, akahamia ua la pili.

Na sasa Nusu-Bei akauliza swali lililokuwa linamwasha tangu aingie. "Mbona giza?"

"Ndivyo wanavyotaka. Wapo ndugu zao wanaoishi kwa mwanga. Wale ukiwanyima taa wanafifia mpaka wafe. Hawa huko kwao wanakaa mapangoni, chini ya miamba. Hawana faida na taa. Wanataka kulishwa, mmoja mmoja, kwa mkono. Ukiwamulika wanakimbia."

"Na huo mguu mmoja?"

"Polepole. Lakini wanafika."

Nusu-Bei akaitikia kwa kichwa, na ndani ya kichwa hicho kengele ikalia. Yeye alikuwa bingwa wa taa hafifu. Alijua kinachowekwa gizani na kwa nini kinawekwa. Mtu akikwambia bidhaa yake haipendi mwanga, huyo bidhaa yake ina ufa.

Alinunua viti kwa nusu bei baada ya mabishano marefu, akaondoka. Angeishia hapo, kama si daktari wa meno.

Daktari huyo alikuwa anafungua kliniki ya ghorofa tatu, mtaa wa pili tu kutoka dukani. Wauza fanicha wote walikuwa wamempelekea salamu. Alimchagua Nusu-Bei, lakini kwa majaribio: amwekee ukumbi wa wagonjwa wa chini, kabla ya Jumatatu ya ufunguzi. "Ukinipendeza hapa chini," alisema, "juu kote ni kwako. Viti, makabati, meza, kila kitu." Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka chumvi: "Na nataka tangi la samaki. Kitu cha kuwashangaza watu, wasahau kwamba wamekuja kung'olewa."

Ghorofa mbili. Nusu-Bei hakuwahi kupata kazi ya ghorofa hata moja. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Picha.

Kabla ya kununua kitu, yeye humnunua kwanza mwenye kitu, yaani humchunguza. Alimkalisha mama kwenye mazungumzo, akauliza huku na huku. Alipata haya. Bi Picha aliingia studio ile akiwa na miaka kumi na tisa, kufagia. Mwenye studio akamfundisha kusafisha picha, na chumba cha giza kikamfaa kuliko kazi zote alizopata kuziona, kwa sababu hakuna anayekusemesha ukiwa humo. Alikaa humo miaka thelathini na moja, mpaka macho yake yakalikataa jua. Harusi za mji mzima zilipita mikononi mwake zikiwa bado zimelowa. Mume alikuwa naye, akaondoka kwa miguu yake. Mama alilisema hilo kama anayetaja basi lililompita. Binti alikuwa amepanga chumba ghorofa ya nne, na huko ndiko mama angehamia. Simu zenye kamera ziliua studio, mwenye studio akastaafu, yeye akabaki na mitambo isiyo na kazi.

"Na haya maua?"

"Palikuwa na mwalimu wa baiolojia, mteja wangu. Alikuwa nayo matatu, yamenyauka. Kila siku anayaongezea taa, kila siku yanazidi kusinyaa. Akahamishwa, akaniachia niyatupe. Nikayaweka humu nikisubiri siku ya taka. Siku ya tatu yakafunguka." Akaipandisha miwani yake puani. "Mwaka wa kumi na nane huu. Yale meupe yalizaliwa humu humu."

Hadithi nzuri, aliwaza Nusu-Bei. Hadithi nzuri huongezwa juu ya bidhaa mbaya.

"Unauza?"

"Tangi likijaa lina uzito wa ng'ombe wawili. Ghorofa ya nne haliendi. Nauza." Akataja bei.

"Nusu," alisema Nusu-Bei, kwa mazoea, kama mtu anavyosema 'afya' akisikia chafya.

"Sawa," alisema Bi Picha.

Nusu-Bei alirudi nyuma hatua moja. Miaka ishirini ya kununua na kuuza, hakuna aliyewahi kumwambia sawa. Watu walimtukana, walimcheka, walimfukuza na kumwita arudi akiwa nusu ya njia. Hayo ndiyo mazungumzo. Sawa ni neno la mtu anayetaka uondoke na kitu upesi kabla hujakigeuza.

"Ila nina masharti mawili," mama aliendelea. "Taa isibadilishwe. Na popote linapokwenda, nije Jumanne na Ijumaa, niwalishe mwenyewe."

"Kwa malipo gani?"

"Bure."

Kengele ya pili ikalia, kubwa kuliko ya kwanza.

Jioni ile, mezani, mkewe alimwona anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nani kakuuzia mbuzi kwenye gunia leo, baba watoto?"

Akamweleza yote. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tatizo liko wapi? Mama anawapenda wadudu wake."

"Mama watoto, hakuna mtu anayefanya kazi bure. Anataka nini? Nimuonyeshe mlango wa daktari, wiki ya pili anamwambia daktari, 'Huyu wa nini katikati? Nunua kwangu.' Nimeyaona hayo."

"Umeyaona, au umeyafanya?"

"Na ile taa! Kwa nini tangi liwe gizani kama halifichi kitu?"

Mkewe akaguna. "Nyani haoni kundule. Duka lako mwenyewe mtu anaingia anapapasa kama anatafuta choo kwenye nyumba ya ugenini."

"Ndiyo maana najua!" alisema Nusu-Bei.

Akayakubali masharti yote mawili kwa mdomo, maana mdomo hauna muhuri. Siku ya kuhamisha, Jumatano, alimwambia Bi Picha kwamba mteja yuko mji mwingine, mbali, na ana mtaalamu wake wa samaki. Siku za Jumanne na Ijumaa wangezipanga baadaye.

Mama alimtazama kwa ile miwani. "Mji gani?"

"Mbali."

Hakubisha. Alisimamia kazi: maji ya zamani yakatolewa kwenye mapipa, yasimwagwe hata ndoo, kila ua likabaki kwenye jiwe lake, ndani ya ndoo yake. Wabebaji walikuwa wanne, na mmoja alipolichungulia ua la zabibu akasema, "Mama, hiki kikinishika kidole?" Bi Picha akamjibu, "Kitakitema. Kinachagua." Ndoo hiyo hakumwachia mtu, aliibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Mwisho akampa Nusu-Bei karatasi iliyoandikwa pande zote mbili kwa mwandiko mdogo, uliobanana.

"Isome yote. Nambari yangu iko chini kabisa."

Nusu-Bei aliisoma akiwa garini, mpaka pale palipoandikwa kiasi cha chumvi kwa ndoo. Kisha akaikunja akaitia mfukoni. Kwake karatasi ndefu ni mtego. Yeye hutazama bei na sahihi tu, na hii haikuwa na vyote viwili.

Siku mbili mambo yalikwenda laini kama siagi. Tangi likawekwa ukumbini, maji yale yale, mawe yale yale, taa ile ile, na Alhamisi mchana maua yote sita yalikuwa wazi. Lakini Ijumaa daktari akaja kukagua. Alisimama mbele ya tangi mikono nyuma.

"Pazuri," alisema. "Ila mbona giza? Watu watadhani tumekatiwa umeme."

Swali lilikuwa lile lile lake, likitoka kinywani mwa mtu mwingine, tena daktari. Nusu-Bei hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikwenda akanunua taa mbili nyeupe, kubwa, zenye mwanga wa kushonea watu hospitalini, akazifunga mwenyewe juu ya tangi. Na kusema kweli hakuzifunga kwa ajili ya daktari peke yake. Alitaka kukiona hicho kilichofichwa. Akaziwasha, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila kiungo cha kioo, kila kona, kila jiwe.

Hakuna ufa. Hakuna gundi mpya. Hakuna kutu. Kilikuwa kitu kisafi kuliko vyote alivyowahi kununua, na hilo likamkera, kwa sababu sasa hakujua tena atafute wapi.

Kisha maua yakaanza kufunga. Moja baada ya jingine yakajivuta ndani, mpaka juu ya mawe zikabaki ngumi sita zenye kamasi.

"Ahaa!" alisema Nusu-Bei peke yake. "Kumbe wagonjwa. Ndiyo maana gizani."

Akazipa taa muda, wazoee. Siku ile ilikuwa Ijumaa, siku ya kula, na hakuna aliyewalisha.

Jumamosi asubuhi alirudi, akahesabu. Manne. Akahesabu tena kwa kidole, akazunguka tangi, akarudi. Jiwe la ua la zabibu lilikuwa tupu, limeachwa na duara la usafi kama meza iliyoondolewa sahani. Jiwe la moja la mekundu, vile vile.

Mtu mwingine angetazama nyuma ya mawe. Nusu-Bei alitazama mlangoni. Akamwita mlinzi.

"Jana kuna mwanamke alikuja hapa? Mfupi, miwani ya jua?"

"Sikumuona, bosi."

"Kitu kimeibwa. Akija, asivuke hilo geti. Hata akisema ana jino linauma."

"Na kama kweli linauma?"

"Likimuuma, aliume na yeye."

Na Bi Picha akaja, saa tano ya Jumamosi ile ile. Nusu-Bei alikuwa amemficha anwani, lakini wabebaji wanne hakuwaficha, na wabebaji huongea. Alikuja kwa miguu, na kikopo cha kamba waliokatwakatwa na kile kibano chake kimefungwa kwenye kitambaa. Mlinzi alimweleza alichoambiwa neno kwa neno, pamoja na jino. Kutoka getini mama aliliona dirisha la ukumbi likiwaka jeupe mchana kweupe.

"Mwambie azime hizo taa," alisema. "Mwambie leo, si kesho."

Mlinzi alimpigia simu Nusu-Bei. "Amekuja yule, bosi. Anasema uzime taa."

"Ndiyo atasema hivyo," alijibu Nusu-Bei, akapumua kwa raha. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya 'sawa', mambo yalikuwa yanaeleweka: mwizi amerudi kuchukua yaliyobaki, na anataka giza la kufanyia kazi. Akaamuru taa ziwake mfululizo na ukumbi ufungwe hadi Jumatatu.

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, daktari mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Wageni walikuwa wanakuja saa tatu. Nusu-Bei alifika nyuma yake tu, amevaa suti, na wote wawili walikutana na harufu kwanza. Maji yalikuwa meupe kama yameoshewa mchele. Pampu ilikuwa inakoroma kama mtu aliyekabwa. Samaki wawili walielea ubavu; watatu waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wanaomba hewa. Na kwenye mdomo wa pampu, katika kona pekee ya tangi ambayo taa hazikuifikia, kulikuwa na vipande vya kitu cha rangi ya zabibu.

Hakuna ua lililoibwa. Walikuwa wanatembea, polepole, siku tatu, wakitafuta giza, na giza lilikuwa mlangoni mwa pampu. La zabibu lilifika kwanza. Lililosagika liliyachafua maji, na maji yakafanya kazi iliyobaki.

"Hiki," alisema daktari bila kupaza sauti, "ndicho cha kuwasahaulisha watu?"

Nusu-Bei aliitoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa nyepesi sana kwa kitu kilichokuwa kimebeba ghorofa mbili. Akaufungua upande wa pili, ule ambao hakuusoma. Katikati palikuwa na mstari uliopigiwa mistari miwili chini: *Wakihama jiweni, funika mdomo wa pampu kwa sifongo kwanza, halafu uulize kwa nini wamehama.* Na chini kabisa, nambari ya simu. Akaipiga.

Bi Picha alifika baada ya nusu saa, kwa gari la mizigo, na mapipa mawili ya maji ya chumvi. Alikuwa ameyatengeneza tangu Jumamosi, alipotoka getini. Hakusalimia.

"Zima taa."

Nusu-Bei akazima.

"Zima pampu. Nipe ndoo. Wewe, daktari, kama huna kazi, shika hapa."

Daktari akashika. Nusu-Bei akavua koti la suti akabeba mapipa, na suti ile haikuwa suti tena baada ya hapo. Mama alitoa maiti kwa kibano, akamwaga maji mabaya, akatia mapya kidogo kidogo huku akipima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Nyuma ya jiwe la mwisho alikuta mawili bado yamejishikilia, jekundu moja na jeupe moja, madogo kama kifungo. Akayagusa. Yakajikunja.

"Hawa wapo," alisema.

Wageni walipoingia saa tatu waliona tangi lenye nusu ya maji, samaki watatu, na mwanamke mwenye miwani ya jua anayenong'ona tarakimu. Walisimama kumtazama. Mtoto mmoja aliyekuja kung'olewa jino akasahau kulia. Daktari aliliona hilo, na daktari naye si mjinga wa biashara.

Nusu-Bei alingoja mpaka mama aliponawa mikono, akamfuata uani.

"Mama, niambie ukweli. Ulikuwa unataka nini tangu mwanzo? Kwa nini ulikubali nusu?"

Bi Picha alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, mekundu kidogo.

"Kwa bei niliyotaja kwanza, ungekuwa mnunuzi wa tangi, na mimi ningekuwa nimelipwa nikaondoka. Kwa nusu ile nyingine nilikuwa nanunua mlango, wa kuingilia siku mbili kwa wiki. Nilikulipa kabisa, baba. Ukaniuzia mlango ambao haupo."

Nusu-Bei aliinama, akaanza kuyabeba mapipa matupu kuyarudisha garini.

Hesabu ya mwisho ilikwenda hivi. Bi Picha alipoteza manne kati ya sita, pamoja na lile la zabibu la mwaka wa kumi na nane, na hilo hakulizungumza tena na mtu. Alipata mlango. Daktari alimpa kazi ya mshahara, Jumanne na Ijumaa, na kile chumba kidogo cha chini ya ngazi, kisicho na dirisha, aweke chumvi na mapipa yake. Humo alirudisha ile taa ya buluu na zile trei za zamani, na baada ya miezi michache kwenye trei moja kulikuwa na vijeupe viwili vipya, ukubwa wa punje ya mahindi. Nusu-Bei alipopata habari alisema, "Si nilisema? Alikuwa anamtaka daktari toka mwanzo." Mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Alikuwa hamjui hata jina. Wewe ndiye uliyemkokota mpaka mlangoni kwake."

Nusu-Bei alilipwa fedha za viti vya ukumbi wa chini na za tangi, bila ziada. Ghorofa mbili za juu zilikwenda kwa mpinzani wake wa mtaa wa nyuma, mtu anayeuza mbao laini na kuziita ngumu. Zile taa mbili nyeupe alizirudisha alikozinunua, wakamkatalia, zimeshatumika. Hakuwa mtu wa kuacha kitu alicholipia kikae bure. Akazifunga dukani kwake.

Asubuhi ya kwanza hakuitambua mali yake mwenyewe. Kila mkwaruzo ulionekana, kila kiraka, kila mguu uliounganishwa kwa gundi. Mama mmoja aliingia akasimama mbele ya kochi la kijani, akaona pale pale palipochubuka.

"Hili bei gani?"

Nusu-Bei akataja.

"Nusu," alisema yule mama.

Nusu-Bei alilitazama kochi, akazitazama taa. Alikuwa amechoka. "Sawa," alisema.

Yule mama akasita. Akainama, akalichungulia kochi chini, akalibonyeza mgongo, akamtazama Nusu-Bei machoni kwa muda mrefu. Kisha akasema anakwenda kumwita mumewe, watarudi kesho. Hawakurudi.